Picha ya tangazo imeharibikia wapi? Kutafuta chanzo kutoka simu ya muuzaji hadi barua pepe ya mteja

Mama mmoja anayeuza mikufu na visanduku vya malakiti mjini Lubumbashi alinipigia simu asubuhi ileile tuliyotuma tangazo lake kwa wateja. Hakupita kwenye salamu. "Papa, hii haiko malakiti yangu. Iko sawa matembele ya jana." Nikaifungua barua kwenye simu yangu, nikaona ana haki. Jiwe lake lina kijani kilichoiva, mistari ya giza na ya mwanga ikizungukana, na kijani hicho ndicho kinachomfanya mteja wa Kinshasa au wa Brussels atoe pesa kwa kitu ambacho hajakishika mkononi. Katika barua kilikuwa kimepauka kama nguo iliyosahauliwa juani.

Kwenye kompyuta yangu, picha ileile ilikuwa nzima. Kwa hiyo iliharibika njiani. Picha ya tangazo hupita vituo vitano: simu iliyoipiga, njia iliyoileta kwako, programu uliyoibania (yaani uliyopunguzia uzito wa faili), chombo kinachotuma barua, na mwisho programu ambayo mteja anasomea barua zake. Watu wengi wakiona picha mbaya hukimbilia kupandisha namba ya ubora katika programu ya kubania. Wanatoka 75 wanakwenda 95, faili linanenepa zaidi ya mara mbili, na ubaya unabaki palepale kwa sababu haukutokana na kubana. Mimi sigusi chochote kabla ya kujibu swali moja: picha hii ilionekana nzima mara ya mwisho katika kituo gani? Anza kwa mteja, rudi nyuma kituo kwa kituo, na kila mahali ifungue faili uitazame kwa macho yako. Ukifika inapoonekana nzima, ugonjwa uko hatua moja mbele ya hapo.

Picha ina ukungu ingawa ilipigwa vizuri

Sababu ninayoikuta kuliko zote hapa kwetu ni WhatsApp. Mwenye duka anapiga picha, anaituma WhatsApp, sisi tunaipakua na kuitia katika tangazo. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha yenye pikseli, yaani vidoa vinavyounda picha, 4032 kwa 3024. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza vipimo na kuibana, na faili lililokuwa na MB 4 linakufikia likiwa na KB mia na kitu. Kisha wewe unalikata na kulibana tena. Kila mbano unakula kilichoachwa na mbano uliotangulia, maana JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, ikishatupa kitu haina njia ya kukirudisha. Tangu 2023 kuna chaguo la HD, na linasaidia, ila nalo pia linabana.

Kuitambua ni rahisi: tazama jina la faili. Picha iliyohifadhiwa na WhatsApp kwenye simu ya Android huwa na herufi WA katikati ya jina, kama IMG-20240312-WA0007. Ukiiona hiyo, usipoteze muda kuitengeneza. Mwombe mwenye picha aitume tena kama waraka, si kama picha, na faili litafika jinsi lilivyotoka kwenye kamera. Kama yeye yuko Kamalondo nawe uko mjini, kebo au fleshi ni nafuu zaidi, kwani mega zake hazitaliwa na picha ishirini za MB 4.

Sababu ya pili ni kunyoosha. Barua nyingi za matangazo zimepangwa kwa upana wa pikseli 600, na mtu husikia hiyo 600 akakata picha yake iwe 600 kamili. Lakini skrini za simu za leo ni nzito kwa vidoa: mahali palipohesabiwa pikseli moja na programu, kioo kina vidoa viwili au vitatu kwa kila upande. Picha ya 600 inanyooshwa kujaza vidoa vyote hivyo, na ndipo inapata ule ulaini wa kuudhi, kama kioo kilichopumuliwa. Andaa picha kuu kwa upana wa 1200, halafu katika msimbo wa barua (HTML) iamuru ionekane kwa 600.

Hapa watu huniuliza: si itakuwa nzito mara nne? Pikseli ni mara nne kweli, lakini uzito si lazima. Picha ya 1200 iliyobanwa kwa ubora wa 55 au 60 mara nyingi inaonekana safi kuliko picha ya 600 iliyobanwa kwa 90, na uzito wao hukaribiana. Makovu ya mbano yapo, lakini picha inapoonyeshwa kwa nusu ya vipimo vyake, makovu nayo yananywea hadi jicho lisiyaone. Jaribu mwenyewe kwa picha moja ya duka lako, weka hizo mbili kando kwa kando kwenye simu. Ni jambo lililobadilisha kazi yangu kuliko programu yoyote niliyowahi kusakinisha.

Kuna ukungu wa tatu, ambao haugusi picha nzima bali maandishi tu. Uso wa mtu uko sawa, meza iko sawa, lakini bei iliyoandikwa juu ya picha imezungukwa na vumbi. JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukisia mabadiliko ya taratibu ndani ya kila kipande. Ngozi, anga na mkate hukubali makisio hayo. Ukingo mkali wa herufi nyeusi juu ya nyeupe hauyakubali. Toa maandishi ndani ya picha uyaandike katika barua yenyewe. Ikishindikana kabisa, picha yenye maandishi na rangi chache tambarare ihifadhiwe kama PNG, aina ya faili isiyotupa kitu.

Na ile namba ya dpi (vidoa kwa inchi), 72 au 300, ambayo wachapaji huisisitiza: iache. Kwenye skrini kinachohesabiwa ni idadi ya pikseli na upana ulioandika katika msimbo. Kubadili 72 kuwa 300 bila kuongeza pikseli hakuongezi hata punje moja ya ukali.

Rangi si zenyewe

Turudi kwa malakiti. Picha ilipigwa na iPhone, na simu hizo huhifadhi rangi katika wigo mpana uitwao Display P3, unaofika kwenye vijani na vyekundu vikali kuliko sRGB, wigo wa kawaida wa mtandaoni. Ndani ya faili kuna kitambulisho kidogo, profaili ya rangi, kinachoiambia programu: namba hizi zisome kwa kipimo cha P3. Programu niliyobania ilifuta kila taarifa ya ziada ili kupunguza uzito, na profaili ikaondoka nayo. Simu ya mteja ikakuta namba zisizo na kitambulisho, ikazisoma kwa sRGB, na kijani kikapoteza ukali wake. Kwenye kompyuta yangu ilionekana sawa kwa sababu nilikuwa natazama faili la asili.

Tiba ni mpangilio wa kazi tu. Geuza kwanza rangi ziwe sRGB, ndipo ubane, ndipo ufute taarifa za ziada. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha isiyouzwa, jambo hilo liko kwenye menyu ya picha, sehemu ya usimamizi wa rangi. Angalia usichanganye vitendo viwili vinavyokaa jirani pale. Kugeuza kunahesabu upya namba ili rangi ibaki ileile machoni. Kupachika profaili kunaziacha namba kama zilivyo na kubadili kitambulisho peke yake, na hapo umejitengenezea ugonjwa uleule kwa mkono wako.

Kama rangi hazikupauka bali zimekuwa za ajabu, machungwa yamegeuka kama taa za usiku, au picha haionekani kabisa kwa baadhi ya watu, uliza ilitoka wapi. Mara nyingi jibu ni: kwa wachapaji. Bango lililotengenezwa kwa ajili ya karatasi huwa katika CMYK, hesabu ya wino nne, na programu nyingi za barua hazijui kuisoma vizuri. Igeuze iwe sRGB, au waombe wachapaji nakala ya skrini.

Vitenge vina tatizo lao. Ili kupunguza uzito, JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, huku mwanga na giza vikibaki kamili. Macho yetu hayalioni hilo kwenye sura za watu wala kwenye mandhari. Lakini ua jekundu juu ya samawati, kingo zikiwa kali kama zilivyo kwenye waksi mpya, litavuja pembeni. Tafuta katika mipangilio ya programu namba 4:2:0 uibadilishe kuwa 4:4:4. Faili litaongezeka uzito kiasi, na kwa mwuza vitenge uzito huo una faida yake. Kwa mwoka mikate, hauna.

Barua inafunguka polepole, au picha zinashuka kidogokidogo

Piga hesabu. Picha moja ya MB 5 ni megabiti 40. Kwenye laini inayotoa megabiti moja kwa sekunde, jambo la kawaida jioni watu wote wakiwa hewani, mteja atasubiri sekunde 40 kwa picha hiyo moja. Ikiwa na KB 150, atasubiri sekunde moja na kidogo. Tena mteja wa Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, anayenunua mega za siku moja analipia picha yako kutoka mfukoni mwake. Ukituma MB 4 kwa watu 2000 na wote wakafungua, umewatumia GB 8 za watu wengine. Mimi naliona hili kuwa suala la heshima kabla halijawa suala la ufundi.

Chanzo cha kwanza cha uzito ni vipimo, na ndicho cha kushughulikia kabla ya ubora. Picha ya 4032 kwa 3024 ina pikseli milioni 12 na zaidi. Ikishushwa hadi 1200 kwa 900 inabaki na milioni moja na kidogo, yaani imepungua mara kumi na moja kabla hujaanza kubana. Kuna watu wanaoandika upana wa 600 katika msimbo wakadhani wamepunguza picha. Wameamuru ionekane ndogo tu. Faili zima bado linapakuliwa.

Chanzo cha pili ni aina ya faili. PNG haitupi chochote, kwa hiyo picha ya kamera iliyohifadhiwa kama PNG kwa vipimo hivyohivyo inaweza kufika MB 1 au 2, mahali ambapo JPEG ingetosheka na KB 150. Nembo ni kinyume: ina rangi tatu nne, na kama PNG yenye orodha ya rangi isiyozidi 256 inaweza kuwa na KB chache tu na kingo safi.

Ndipo ubora. Usiamini kwamba namba fulani, 70 tuseme, inakupa uzito fulani. Mwezi wa kumi, jakaranda zikiwa zimechanua, hoteli moja iliniletea picha ya barabara yake yenye maua ya zambarau juu na chini. Kwa ubora uleule, picha hiyo ilikuwa na uzito karibu mara tatu ya picha ya bwawa lao la kuogelea. Majani na maua madogo yamejaa mabadiliko, na kila badiliko linataka nafasi. Kwa hiyo mimi hubana kwa jicho: naanza 75, nashuka tano tano huku nikitazama mahali laini, anga, ukuta, shavu, kwa sababu hapo ndipo miraba ya JPEG hujitokeza kwanza, kisha narudi hatua moja. Squoosh ni chombo kizuri kwa kazi hii. Hufanya kazi ndani ya kivinjari, huonyesha kabla na baada kando kwa kando, na picha haiondoki kwenye mashine yako, kwa hiyo hailipiwi mega. Lengo langu ni picha kuu isiyozidi KB 200, picha ndogo za bidhaa kati ya KB 30 na 60, na barua nzima chini ya KB 800.

Ukihifadhi JPEG, chagua namna ya hatua kwa hatua (progressive). Kwenye laini dhaifu mteja ataona kwanza picha nzima yenye ukungu inayozidi kusafika, badala ya kipande cha juu kinachoteremka kama pazia.

Chini ya barua pamekatwa

Gmail hukata barua ambayo msimbo wake unazidi takriban KB 102 na kuweka kiungo cha kufungua yaliyobaki. Picha zilizounganishwa kwa anwani haziingii katika hesabu hiyo, kwa hiyo kupunguza picha hakutakusaidia. Kinachojaza ni msimbo uliobandikwa kutoka Word, ukiwa na takataka zake zote, au bidhaa arobaini katika barua moja. Kinachopotea ni sehemu ya chini, penye kiungo cha kujiondoa, na mteja asiyekiona atabonyeza kitufe cha barua taka.

Kwangu inaonekana, kwake kuna kisanduku kitupu

Anza na jina la faili. Sisi tunaoandika Kifaransa kila siku tunapenda "Collection été 2.JPG", lenye nafasi, lenye é, lenye herufi kubwa. Seva nyingi hutofautisha .JPG na .jpg, na nafasi na alama za herufi huvunja kiungo mahali usipopatazamia. Tumia herufi ndogo, namba na kistari tu.

Kisha aina ya faili. HEIC, aina ya faili ambayo iPhone hupigia picha, haifai kutumwa. WebP ni nyepesi na Gmail inaijua, lakini Outlook (programu ya barua ya Microsoft) ya zamani ya Windows haiijui, na makampuni mengi bado yanaitumia. SVG haionekani kwenye Gmail. JPEG, PNG na GIF ni za zamani, na kwa barua pepe hilo ni sifa.

Halafu angalia picha inakaa wapi. Kiungo cha Google Drive ni kiungo cha ukurasa, si cha picha. Picha iliyopachikwa ndani ya msimbo kwa maandishi marefu ya base64 haionyeshwi na Gmail, na inaongeza uzito kwa theluthi. Iweke kwenye seva iliyo wazi, yenye https, na ujaribu anwani yake katika dirisha la faragha la kivinjari. Ikidai nywila, mteja naye haoni kitu.

Na kama vyote viko sawa, huenda programu ya mteja imezuia picha mpaka aziruhusu. Outlook za ofisini hufanya hivyo. Ndiyo maana bango zima lililotumwa kama picha moja, mtindo tulioupenda sana hapa mjini, ni hatari: picha ikizuiwa, barua ni tupu. Hata isipozuiwa, herufi za pikseli 14 kwenye bango la 600, likiwekwa kwenye simu yenye upana wa 360, zinabaki pikseli 8 na kidogo, na hakuna mzee atakayezisoma. Andika maneno kama maneno, na kila picha uipe maandishi mbadala yanayosema kitu: "Mkufu wa malakiti, dola 25", si "picha1".

Kwenye Outlook picha ni kubwa mno, au ina mistari myeupe

Outlook ya zamani ya Windows huchora barua kwa injini ya Word, na haijali kikomo cha upana kilichoandikwa kwa mtindo. Inataka namba ndani ya lebo yenyewe ya picha (img) katika msimbo:

`<img src="https://..." width="600" alt="Mkufu wa malakiti, dola 25" style="display:block;width:100%;max-width:600px;height:auto">`

Neno display:block hapo ndilo linaloondoa ule mstari mweupe chini ya picha. Picha yenye kimo cha zaidi ya pikseli 1728 injini hiyo huikata, hivyo mabango marefu yagawe. GIF inayocheza itaonyesha fremu ya kwanza tu katika matoleo mengi ya zamani. Hakikisha fremu hiyo ina bei na bidhaa, si ukurasa mtupu unaosubiri kuanza.

Nembo imepotea usiku

Mteja ametumia hali ya giza, mandhari imekuwa nyeusi, na nembo yako nyeusi isiyo na mandhari imezama humo. Izungushie ukingo mwembamba mweupe, au iweke juu ya kibao cha rangi yako.

Picha imelala ubavu

Simu haikuzungusha pikseli. Iliandika tu ndani ya taarifa za faili kwamba picha isimamishwe. Programu isiyosoma taarifa hizo, au iliyozifuta, inaionyesha imelala. Izungushe kwa kweli katika GIMP kabla ya kufuta chochote. Na futa kweli, kwa sababu katika taarifa hizohizo simu inaweza kuwa imeandika mahali picha ilipopigwa, hadi mita chache. Muuzaji anayepiga picha za vito nyumbani kwake hapaswi kuwatumia watu 2000 ramani ya kufika sebuleni.

Nimebadilisha picha, ya zamani bado inatoka

Hili lilinipata na malakiti yaleyale. Niligeuza rangi kuwa sRGB, nikapandisha faili jipya kwenye seva kwa jina lilelile, nikampigia mama kumwambia afungue tena. Akaona matembele. Tangu mwishoni mwa 2013 Gmail haimwachi msomaji achukue picha moja kwa moja kutoka kwenye seva yako; Google huichukua, hutunza nakala, na kutoa nakala hiyo. Faili lililobadilishwa chini ya jina la zamani linaweza lisionekane kwa muda. Kwa walioipokea tayari hakuna la haraka la kufanya. Kwa barua inayofuata, jina jipya: malakiti-mkufu-2.jpg. Nilimtumia yeye peke yake barua ya majaribio, nikabaki kwenye laini akiifungua. "Eeeh," akasema, "sasa njo jiwe yangu."